Mchanga wa Garissa na barafu ya Mlima Kenya

UKISIMAMA juu ya daraja la Garissa asubuhi ya mwezi wa Aprili, mto ukiwa umejaa, utaona maji ya rangi ya chai ya maziwa yakipita chini yako kwa kasi. Usidhani hayo ni maji matupu. Chota ndoo moja, uiweke kivulini mpaka jioni. Chini kabisa utakuta punje za mchanga, na juu ya mchanga huo utando mzito wa tope laini. Kila mama wa Galbet aliyewahi kuteka maji ya Tana anaujua utando huo, maana ndio unaoziba bomba, ndio unaochafua nguo nyeupe, na ndio uo huo unaorutubisha shamba la ndizi la mumewe kando ya mto.

Je, msomaji, umewahi kujiuliza mchanga huo ulianzia wapi? Wengi watajibu kwamba umetoka mashambani huko juu, Murang'a, Kirinyaga na Embu, na hawatakosea. Lakini baadhi ya mabonde unamopita mto huo hayakuchimbwa na maji. Yalichimbwa na kitu ambacho mtoto wa Garissa hukiona tu ndani ya friji ya duka: barafu.

Mlima Kenya uko umbali wa zaidi ya kilomita 250 kutoka Garissa. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Batian, kina mita 5,199 juu ya usawa wa bahari. Mmishonari Johann Ludwig Krapf alipouona mwaka 1849 akiwa Ukambani na kuandika kwamba una theluji, wataalamu wa Ulaya walimcheka. Theluji karibu na Ikweta? Wenyeji wa nchi hawakuhitaji kubishana. Waliiona kila kulipokucha.

Miaka 44 baadaye, mwaka 1893, mwanajiolojia Mwingereza J. W. Gregory aliupanda mlima huo mpaka kwenye barafu yenyewe. Alikuta jambo la ajabu. Chini sana ya mahali barafu ilipokuwa ikiishia siku hizo, kulikuwa na matuta marefu ya mawe na udongo yaliyopangika kukata mabonde, kana kwamba jitu fulani lilipita na sepeto likasukuma kifusi mbele yake kisha likaondoka. Gregory alilitambua jitu hilo. Lilikuwa barafu ya zamani, iliyowahi kushuka hadi karibu mita 3,000, mahali ambapo leo pana msitu na mianzi.

Hebu tueleze kidogo barafu inavyofanya kazi hiyo. Theluji ikianguka mwaka baada ya mwaka bila kuyeyuka yote, ya chini hushindiliwa na ya juu mpaka ikawa barafu ngumu. Ikishakuwa nene vya kutosha, uzito wake wenyewe huifanya iteleze kuelekea bondeni. Ndiyo maana tunaiita mto wa barafu, ingawa mwendo wake ni wa konokono na hata konokono atauacha nyuma. Tumboni mwake hubeba mawe, na mawe hayo husugua mwamba wa chini kama msasa unavyosugua ubao. Unga unaotokana na kusugua huko ni laini mno, na maji yanayotoka chini ya barafu huwa meupe au ya kijivu kwa sababu yake. Pale barafu inapokomea huutua mzigo, na hapo ndipo yanapotokea matuta aliyoyaona Gregory.

Nyuma ya matuta, na katika mashimo yaliyochimbwa na barafu, maji hukusanyika yakawa viziwa. Mlima Kenya una viziwa vingi vya namna hiyo. Kuna Lewis Tarn, Tyndall Tarn, Hausberg Tarn, na Ziwa Michaelson lililo ndani ya bonde refu la Gorges. Kimoja, kilicho karibu na mto wa barafu wa Lewis, huitwa Curling Pond, kwa jina la mchezo wa Waskoti wa kutelezesha mawe mazito juu ya barafu. Jina hilo peke yake lakwambia kwamba kiziwa hicho kimewahi kuganda hata kikakanyagika.

Maji ya Lewis hayaji Tana. Hushukia bonde la Teleki, yakaingia mto Naro Moru, kisha Ewaso Ng'iro ya kaskazini, yakapita Isiolo na kwenda kupotelea katika kinamasi cha Lorian, upande wa Habaswein. Miaka ya mvua kubwa mno huendelea na kufuata bonde kavu la Lagh Dera, lile ambalo eneo bunge la Lagdera limepewa jina lake. Maji ya pande za kusini na mashariki ya mlima, kupitia Sagana, Thiba, Nithi na mingineyo, ndiyo yanayoingia Tana. Kwa hiyo watu wa Kaskazini Mashariki wanazungukwa na mlima mmoja kwa mikono miwili, mmoja kupitia Wajir na mwingine kupitia Garissa, hata kama wengi wao hawajauona maisha yao yote.

Ziwa linalobeba mawe

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Fanya jaribio hili na watoto nyumbani. Gandisha maji katika sufuria ndogo, kisha itoe barafu uiweke uani juani. Juu yake nyunyiza mchanga mweusi kidogo, uweke na jiwe moja bapa, kubwa kama kiganja. Kaa kitako utazame, na usikawie, kwa kuwa jua la Garissa halingoji mtu. Punje za mchanga zitaanza kuzama ndani ya barafu, kila moja ikijichimbia kijishimo chake. Rangi nyeusi hunywa joto la jua, na punje ndogo hulipitisha joto hilo mara moja kwenye barafu iliyo chini yake. Jiwe kubwa ni kinyume. Joto halilipiti upesi, na kivuli chake huikinga barafu, hivyo kwa muda fulani litabaki juu kama mfalme juu ya kiti huku barafu ya pembeni ikipungua.

Jambo hilo hilo hutokea kwa ukubwa wa kutisha katika bara la Antaktika, kule Ncha ya Kusini ya dunia. Huko kuna Mabonde Makavu, yaliyo karibu na bahari ya Ross, ambamo mwamba uko wazi bila kufunikwa na barafu ile inayofunika karibu bara zima. Ni jangwa kweli kweli. Theluji inayoanguka mwaka mzima, ukiiyeyusha, ni maji kidogo kuliko mvua ya Garissa, na Garissa yenyewe tunajua ilivyo kavu. Tofauti ni kwamba huko wastani wa joto wa mwaka ni karibu nyuzi 18 chini ya sifuri. Ndani ya mojawapo ya mabonde hayo, linaloitwa Taylor, kuna maziwa kama Hoare, Fryxell na Bonney, ambayo hufunikwa na barafu ya unene wa mita 3 hadi 5 mwaka nenda mwaka rudi. Chini ya kifuniko hicho kuna maji yasiyoganda.

Upepo huleta mchanga na kuumwaga juu ya kifuniko. Wakati wa kiangazi, ambapo jua la huko halitui usiku na mchana, mchanga huzama kama ulivyozama katika jaribio lako, lakini hufika kina fulani ukakwama, kwa sababu mwanga wa jua hufifia kadiri unavyoshuka. Hapo husubiri ufa. Ufa ukitokea, mchanga humiminika kwa pamoja hadi chini ya ziwa na kurundikana kama vichuguu. Wapiga mbizi walioingia chini ya barafu ya Ziwa Hoare wameviona.

Mawe makubwa nayo husafiri, tena kwa namna nyingine. Upepo mkavu huilamba barafu ya juu bila hata kuiyeyusha, na kila mwaka tabaka moja hutoweka. Wakati huo huo maji ya chini hugandia sehemu ya chini ya kifuniko na kujaza kilichopungua. Ni kama mkeka unaochakaa juu huku ukifumwa upya chini. Unene haubadiliki, lakini barafu si ile ile. Kitu chochote kilichonaswa ndani yake huishia kutokeza juu. Sasa fikiria mto wa barafu unaoingia ziwani kutoka upande mmoja, ukiwa umesheheni mawe. Unakisukuma kifuniko, na kifuniko, ambacho huyeyuka kidogo kandokando wakati wa kiangazi, husogea polepole kuelekea ufuko wa pili. Mawe yamepanda juu yake kama abiria. Wakifika ng'ambo, barafu inakwisha, abiria wanashushwa. Baada ya miaka mingi, ufukoni panakuwa na tuta la mawe.

Tuta hilo lafanana sana na yale aliyoyaona Gregory mlimani kwetu, na ndipo ulipo utata. Mtu akilikuta leo, ziwa likiwa limeshakauka, atasema bila kusita kwamba mto wa barafu ulifika hapa. Kumbe haukufika. Uliishia kilomita kadhaa nyuma, na kilichofika ni ziwa tu na kifuniko chake. Mwaka 2000 wataalamu kadhaa, wakiongozwa na Chris Hendy wa New Zealand, walichapisha maelezo ya jinsi barafu ya ziwa inavyoweza kufanya kazi ya ukanda wa kusafirishia mizigo, mfano wa ule unaopeleka kokoto kwenye mashine. Tangu hapo ikabidi baadhi ya matuta ya Antaktika yasomwe upya.

Jiwe lenye jina letu

Hapa, msomaji, yafaa ukae vizuri, maana kuna jambo ambalo Wakenya wachache wanalijua.

Mwaka 1900 yule yule Gregory aliupa jina mwamba mmoja wa volkano alioukuta Mlima Kenya. Aliuita kenaiti, kwa jina la mlima. Ni mwamba mweusi au wa kijivu, na ndani yake mna fuwele kubwa za rangi hafifu zenye umbo la uru wa karata. Ukishauona mara moja hutausahau. Si mwamba wa kila mahali. Basi wanajiolojia wa misafara ya Antaktika ya mwanzoni mwa karne ya 20 walipochunguza mawe ya kisiwa cha Ross, penye volkano hai ya Erebus, walikuta nini? Kenaiti. Kibanda cha Ernest Shackleton, kilichojengwa mwaka 1908 katika rasi ya Royds na ambacho kipo hadi leo, kimezungukwa na mwamba wenye jina la nchi yetu.

Haikuishia hapo. Vipande vya kenaiti hupatikana pia ng'ambo ya pili, upande wa bara, kwenye mdomo wa bonde la Taylor, na kati ya hapo na kisiwani pana bahari ya upana wa kilomita 50 hivi. Mawe hayaogelei. Kilichoyavusha ni barafu kubwa iliyoujaza mlango ule wa bahari wakati wa baridi kuu ya dunia, miaka 20,000 hivi iliyopita. Barafu hiyo iliziba mdomo wa bonde kama kizibo, na nyuma yake likatanda ziwa kubwa ambalo wataalamu wameliita Washburn. Pale barafu ya baharini ilipoishia, barafu ya ziwa ilipokea mzigo na kuupeleka mbele zaidi bondeni. Kwa kuwa kenaiti haina asili upande ule, kila kipande chake ni kama mzigo wenye anwani ya mtumaji, na kwa kuvifuata vipande hivyo wataalamu waliweza kuichora njia nzima.

Mimi hilo lanifurahisha kuliko habari nyingi za kisayansi nilizowahi kusoma. Jina lililotolewa Kirinyaga likageuka ufunguo wa kusomea upande wa pili wa dunia.

Kwetu hali ilikuwaje?

Viziwa vya Mlima Kenya havikuwa, wala si, kama vya Antaktika. Jua la Ikweta hupiga kila siku ya mwaka, na barafu inayotanda usiku mara nyingi huwa utando mwembamba usioweza kubeba mawe. Kinachosogeza udongo huko juu ni baridi ya usiku. Maji yaliyo ardhini huganda yakawa sindano za barafu zinazoinua udongo na vijiwe, kisha asubuhi zinapoyeyuka vijiwe huangukia mahali tofauti kidogo na pale vilipokuwa. Mchezo huo hurudiwa usiku baada ya usiku, na mteremko mzima husogea.

Viziwa vyenyewe kazi yake ni kushika. Unga wa mawe unaotoka barafuni huingia humo, maji hutulia, unga ukazama, na maji safi yakaendelea na safari. Mwaka unafuatwa na mwingine, tabaka juu ya tabaka. Wataalamu wakiongozwa na Wibjörn Karlén wa Sweden walitoboa tope la chini ya Hausberg Tarn, wakatoa nguzo ndefu ya udongo na kuisoma kama mtu anavyofungua daftari. Matokeo yao ya mwaka 1999 yalionyesha jinsi barafu ilivyokua na kupungua mara kadhaa katika miaka takriban 6,000. Penye unga mwingi wa mawe, barafu ilikuwa kubwa. Penye mabaki ya mimea, ilikuwa imenywea.

Siku hizi imenywea kupita kiasi. Mwisho wa karne ya 19 mlima ulihesabiwa kuwa na mito ya barafu 18. Ule ulioitwa Gregory umeshakwisha. Lewis, uliokuwa mkubwa kuliko yote, ulipoteza asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, na tangu hapo umepasuka vipande viwili. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilisema mwaka 2021 kwamba huenda barafu yote ya Mlima Kenya ikatoweka katika miaka ya 2030.

Je, Tana itakauka? Utawasikia watu wakisema hivyo, na hofu yao inaeleweka, lakini naona imeelekezwa pasipostahili. Barafu iliyobaki ni ndogo mno, na mchango wake katika maji yanayopita Garissa ni tone. Tana hulishwa na mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, na kwa chemchemi za misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua. Mwenye kukata msitu ule anaudhuru mto kuliko jua linaloyeyusha Lewis.

Vivyo hivyo na tope. Unga wa barafuni ni chembe tu katika mzigo unaofika Galbet. Sehemu kubwa ni udongo mwekundu wa mashamba ya miteremko. Nao hukutana na viziwa vingine vilivyotengenezwa na binadamu: Kindaruma la 1968, Kamburu la 1974, Gitaru la 1978, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988. Mabwawa hayo hufanya kazi ile ile ya Hausberg Tarn. Maji hutulia, udongo huzama, na bwawa hupungukiwa na nafasi. Kinachotoka chini yake ni maji mepesi yenye nguvu ya ziada, na kwa kuwa hayana mzigo huanza kuutafuta mwingine. Huula ukingo. Mto ukifika Garissa umeshajipakia tena udongo.

Hapa ndipo mambo yanapomgusa mwenye shamba. Mto unaopinda hula ukingo wa nje wa pindo lake, mahali maji yanapopiga kwa nguvu, na kutupa mchanga ukingo wa ndani. Shamba lililo upande wa nje, hata liwe na miembe ya miaka 20, linapungua kila msimu. Upande wa ndani linaongezeka, lakini ni mchanga mtupu kwa miaka ya kwanza. Wamunyoyaya, ambao wamelima na kuvua kando ya mto huu tangu zamani, hawakuhitaji darasa la kuwafundisha hilo. Wageni waliojenga karibu na maji kwa sababu kiwanja kilikuwa rahisi ndio wanaolijua baada ya hasara.

Mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998 yaliwapa wengi somo hilo. Yakaja ya 2018, kisha ya Novemba 2023, maji yalipoifunika barabara ya Nairobi upande wa Madogo na mji ukabaki kama kisiwa. Mwisho wa Aprili 2024 barabara ilikuwa chini ya maji tena, watu wakawa wanavushwa kwa mashua, na tarehe 28 mashua moja ikapinduka Kona Punda na kuua watu. Mabwawa yakijaa pomoni huko juu, maji ya ziada humwagika yenyewe, na siku chache baadaye yanakuwa hapa. Kwa hiyo ukisikia redioni kwamba Masinga limejaa, hata kama hakuna wingu Garissa, ondoa pampu yako mtoni siku hiyo hiyo na uhamishe watoto na mbuzi.

Maji ya kunywa nayo usiyaamini kwa sababu tope limezama. Yaache yatulie kwenye pipa usiku kucha, yachote ya juu polepole bila kutibua, kisha uyachemshe au uyatie dawa.

Na kama likizo hii una nauli, wapeleke vijana wakaione barafu kabla haijakwisha. Njia ya Naro Moru hupita kituo cha hali ya hewa kilicho mita 3,050 hivi, kisha kambi ya Mackinder kwenye mita 4,200. Kutoka hapo ni kupanda kwa bidii hadi Lewis Tarn. Nendeni na mwenye kuijua njia, pandeni polepole kwa siku kadhaa, na mtu akiumwa kichwa na kutapika mshusheni mara moja, msingoje kukuche. Mkazi wa Galbet aliyezoea nyuzi 35 atahitaji koti zito na soksi mbili. Njiani mtaona matuta ya Gregory, na mwamba mweusi wenye vipande vya umbo la uru. Mwambie mtoto alishike jiwe hilo, alitazame vizuri, kisha alirudishe pale alipolitoa, kwani ndani ya hifadhi hairuhusiwi kubeba hata kokoto.